Kundi Likizimika, Daftari Linabaki
Historia fupi ya namna wana Nyamisangura tunavyoitana, tunavyochanga na tunavyokumbukana



Kila mwaka katika jarida hili la harambee tunazungumza juu ya madawati, maji, vyumba vya madarasa na matibabu. Mwaka huu tumeona tuzungumze pia juu ya jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni namna tunavyoitana. Dawati halijachongwa mpaka watu waambiane kwamba linahitajika. Msiba hauchangiwi mpaka habari ifike. Chama cha watu wa nyumbani ambacho hakiwezi kuwafikia watu wake kimebaki jina tu, hata kama kina katiba nzuri na muhuri.

Kwa miaka kadhaa sasa kazi ya kuitana tumeiachia mitandao ya simu. Imetusaidia sana, na hakuna mwenye akili atakayesema turudi kwenye barua peke yake. Lakini mitandao hiyo nayo huzeeka, hubadilika, hufungwa na kufa. Iliyokuwa maarufu miaka kumi na tano iliyopita, vijana wa leo hawajui hata majina yake. Makala haya yanapitia historia hiyo ili tuone kinachopotea mtandao unapofifia, na nini kifanyike mapema.

Kabla ya simu

Wazee wetu hawakukosa njia ya kukusanyana. Kwetu Wakurya kuna iritongo, mkutano wa wanajamii ambapo jambo linalowahusu wote husemwa mbele ya wote. Uzito wake uko katika kuonekana. Aliyeahidi ng'ombe aliahidi mbele ya macho ya jirani zake, na aliyepinga alipinga akiwa amesimama. Miaka ya 1980, sungusungu ilipoenea kutoka Usukuma na Unyamwezi mpaka huku kwetu kwa ajili ya kupambana na wizi wa mifugo, ilikuta tayari tuna mazoea ya mikutano ya namna hiyo.

Kwa walioondoka, mambo yalikuwa magumu zaidi. Watu wa Tarime wametawanyika kwa muda mrefu. Wengi waliingia jeshi na polisi, tangu enzi za King's African Rifles mpaka baada ya uhuru, wakapangiwa kambi na vituo vilivyo mbali na nyumbani. Wengine walikwenda viwandani Mwanza, bandarini Dar es Salaam, au walivuka Sirari kwenda Kenya kutafuta kazi. Barua zao zilipitia sanduku la posta la shule, la kanisa au la ofisi ya serikali, kwa sababu familia chache zilikuwa na sanduku lao. Barua ilimkuta mwalimu, mwalimu akampa mwanafunzi, mwanafunzi akaifikisha kwa bibi, na mara nyingi akamsomea. Fedha na vifurushi vilikwenda kwa mkono wa msafiri au wa dereva wa basi anayeaminika.

Habari ya kifo haikuweza kungoja barua. Hiyo ilikwenda kwa simu ya maandishi ya posta, au kwa redio. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalisikilizwa nchi nzima kwa sababu kila mtu alikuwa na ndugu mahali fulani. Aliyesikia jina la mtu wa kwao alikuwa na wajibu wa kwenda kugonga mlango wa mhusika. Redio ilikuwa moja, lakini kazi ya kufikisha ilifanywa na majirani.

Chama chenye katiba

Vyama vya watu wa nyumbani ni vya zamani kuliko uhuru. Kule Bukoba, Bahaya Union ilianzishwa mwaka 1924. Mwanza, Sukuma Union iliundwa mwaka 1945. Baada ya uhuru vyama vya kikabila vilikatazwa au kufifishwa kwa ajili ya umoja wa taifa, na kwa sababu hiyo mpaka leo chama kama chetu hujitambulisha kwa mahali, wala si kwa kabila. Mtu wa Nyamisangura ni yeyote mwenye nyumba, kaburi, biashara au mapenzi hapa. Miaka ya 1980 na 1990, uchumi ulipoyumba na serikali ikawa na mzigo mkubwa, mifuko ya maendeleo ya wilaya iliibuka sehemu nyingi za nchi. Shule nyingi za sekondari za wakati ule zilijengwa kwa nguvu hiyo.

Vyama hivyo viliendeshwa kwa vitu vinne: katiba, kamati, kikao na daftari. Sheria ya Vyama, ambayo sasa ni Sura ya 337, inataka chama kisajiliwe na kijulikane kina viongozi gani. Kwa hiyo katibu alikuwa na kitabu cha wanachama, kitabu cha mihtasari na kitabu cha stakabadhi. Mwekahazina alikuwa mtu wa kuogopwa. Michango ilisomwa jina kwa jina, mtu akasikia lake, na kama halikusomwa alinyanyua mkono papo hapo.

Kasoro zilikuwepo. Vikao vilichelewa, akina mama waliachwa nyuma, vijana hawakusikilizwa, na aliyeishi mbali hakuhudhuria. Daftari nalo liliweza kupotea kama katibu akihama. Lakini utaratibu wenyewe ulieleweka na kila mtu, na ulikuwa mali ya chama.

Simu ya mkononi inaingia

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Vodacom ilifuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Simu zikashuka bei, vocha zikagawanywa ndogo ndogo, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 mama aliyeko sokoni Tarime aliweza kumbipu mwanawe aliyeko Dar es Salaam na kupigiwa palepale. Katibu wa chama alianza kuandika namba za simu pembeni ya majina daftarini. Ujumbe mfupi ulichukua nafasi ya mwaliko wa karatasi.

Kisha ikaja fedha kwa simu. Upande wa pili wa mpaka wetu, Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko tulivyolitambua wakati ule. Kwa mara ya kwanza mchango wa mtu aliye zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa uliweza kufika kabla ya jeneza kufika. Harambee haikuhitaji tena wote wawe chini ya turubai moja.

Kuanzia hapo kuonekana kwa mtoaji na kufika kwa fedha vilianza kuachana. Fedha ilifika bila mtoaji kuonekana. Ilibidi itafutwe njia nyingine ya kumwonyesha kila mmoja kwamba mwenzake ametoa, na njia hiyo ikapatikana mitandaoni.

Zama za mitandao

Waliotangulia walikuwa ndugu zetu wa ng'ambo na wasomi wa vyuo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Watanzania wengi walioko Ulaya na Marekani walikutana kwenye makundi ya barua pepe, hasa Yahoo Groups. Mwaka 2005 mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali ambapo Mtanzania wa mbali aliona tangazo la msiba na namna ya kuchangia kusafirisha mwili. Mwaka 2006 ikaanza Jambo Forums, ambayo baadaye ikajulikana kama JamiiForums. Facebook ikafuata, na kila kata, kila shule na kila kijiji kikapata ukurasa wake. Wenye simu za BlackBerry walikuwa na BBM yao na makundi yao.

Halafu WhatsApp ikazimeza karibu zote. Ilianza mwaka 2009, na Februari 2014 Facebook ikainunua kwa dola bilioni 19. Ilitumia bando dogo na haikuhitaji kompyuta. Ukiwa na namba ya mtu ulikuwa umempata. Kamati zetu, misiba yetu, harusi zetu na wahitimu wetu wa shule wote wakahamia humo.

Hata huko kwenye neema tulipangiwa mipaka bila kuulizwa. Kuanzia Novemba 2014 kundi la WhatsApp liliruhusiwa watu 100, mwaka 2016 wakawa 256, na mwaka 2022 wakaongezwa kuwa 512, kisha 1,024. Chama chenye watu 300 mwaka 2017 kililazimika kugawanyika makundi mawili. Mara nyingi kundi la kwanza likawa la wakubwa na la pili la waliochelewa, na maneno yakaanza kutofautiana. Katiba ya chama haikusema popote kwamba chama kigawanywe. Kiligawanywa na namba iliyopangwa na kampuni ambayo haijawahi kusikia jina la Nyamisangura.

Namna mtandao unavyofifia

Tukitazama miaka ishirini iliyopita tunaona njia tano ambazo mtandao huwaponyoka watu wake.

Ya kwanza ni mwenye mali kufunga duka. Orkut, mtandao wa Google uliopendwa sana Brazili na India, ulifungwa Septemba 30, 2014. Google+ ilifungwa Aprili 2, 2019. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa Mei 31, 2019. Yahoo Groups ndiyo inayotuhusu zaidi. Oktoba 2019 kampuni ilitangaza kwamba mafaili na mazungumzo yaliyohifadhiwa humo yatafutwa, na Desemba 15, 2020 huduma yote ikafungwa. Kundi ambalo halikupakua kumbukumbu zake kwa wakati lilipoteza miaka kumi na zaidi ya barua, orodha za michango na makubaliano.

Ya pili ni simu kuachwa nyuma. Mwisho wa mwaka 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye mfumo wa zamani wa BlackBerry, na mwisho wa 2018 kwenye simu za Nokia za S40. Februari 2020 zikafuata Android za kizamani kabisa. Mtandao kwa ujumla ulikuwa hai, lakini kwa mzee aliyepewa simu ya mtumba na mwanawe ulikuwa umekufa. Mwanachama wa namna hiyo haagi. Anaacha tu kujibu, nasi tunadhani amepuuza.

Ya tatu ni kubadilishwa kwa utaratibu wa ndani. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa. Ukurasa wa kijiji ulibaki na wafuasi walewale, ila tangazo lake likawafikia wachache, labda lilipiwe. Mwandishi Cory Doctorow, mzaliwa wa Kanada, alieleza mwaka 2023 hatua ambazo mitandao hupitia. Kwanza huwatendea wema watumiaji ili wajae. Kisha huwatoa watumiaji hao kuwa bidhaa kwa wafanyabiashara. Mwisho huwabana wote wawili kwa faida ya mwenye mtandao. Mkulima wa kahawa aliyewahi kuona mnunuzi mmoja akianza kwa bei tamu na kumaliza kwa masharti atalielewa jambo hili bila kufundishwa.

Ya nne ni sheria na mamlaka. Mwaka 2018 zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotaka wenye majukwaa na blogu kulipia leseni, na Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda kabla ya kurejea. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisitishwa kwa siku 90. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarejea Novemba 3. Jarida hili si la siasa, na chama chetu kina watu wa kila chama na kila dini. Tunayataja haya kwa sababu ni sehemu ya historia ya mawasiliano yetu. Siku zile watu waliendelea kuugua, kujifungua na kufariki. Kamati iliyokuwa na namba za wanachama zilizoandikwa kwenye karatasi ilikuwa na pa kuanzia. Kamati ambayo wanachama wake walikuwa ndani ya kundi tu haikuwa na orodha ya kushika mkononi.

Ya tano ni sisi wenyewe. Kundi hujaa salamu za asubuhi, video za kuchekesha, matangazo ya biashara na ugomvi wa uchaguzi, mpaka watu wanalinyamazisha. Msimamizi wa kundi hupoteza simu au hubadili laini. Wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa Januari 20, 2020, na waliofungiwa laini walipoteza namba tulizowajua kwazo. Hakuna aliyelifunga kundi la namna hii. Limekauka tu, kama kisima ambacho kila mtu alidhani mwenzake anakisafisha.

Kinachopotea

Mtu anaweza kusema kwamba mtandao mmoja ukifa tutahamia mwingine. Ni kweli, tumehama mara nyingi. Lakini kila kuhama kuna gharama, na hailipwi na watu wote sawasawa.

Kwanza hupotea watu. Wanaofika kwenye mtandao mpya ni wale wenye simu nzuri, bando na kijana wa kuwaelekeza. Wenye kitochi, wajane, wazee na waliobadilisha namba hubaki nyuma. Mara nyingi hao ndio chama kiliundwa kwa ajili yao.

Pili hupotea kumbukumbu. Tazama namna tunavyochanga kwenye kundi. Mmoja anaandika orodha: namba moja fulani, shilingi 20,000. Wa pili anainakili, anaongeza jina lake, anairudisha. Wa tatu na wa nne wakiinakili kwa dakika moja, orodha zinakuwa mbili, na anayefuata anachukua moja na kuiacha nyingine. Jina la mtu aliyetoa linapotea bila mtu yeyote kukusudia. Miaka miwili baadaye anafiwa, watu wanatafuta kama alikuwa akichangia wenzake, wanaambiana hakuwahi. Kundi la zamani halipo, simu ya aliyeweka orodha imeshaibwa, na kwa miaka mingi WhatsApp haikumruhusu mwanachama mpya kusoma yaliyoandikwa kabla hajaingia. Vyama vingi vimevunjika kwa mashaka ya aina hii kuliko vilivyovunjika kwa wizi.

Tatu hupotea mamlaka ya kikao. Maamuzi ya kundi huwa ya kidole gumba. Watu kumi wanasema sawa, mia tisini wanakaa kimya, na ukimya unahesabiwa kuwa kukubali. Katika iritongo ukimya wa wazee ulikuwa na maana yake, na kila mtu aliiona nyusoni. Kwenye simu hatujui kama mtu amekataa, amelala au ameishiwa chaji.

Msomi Zeynep Tufekci, mzaliwa wa Uturuki, amechunguza jambo hili kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 2017. Anaeleza kwamba mitandao hukusanya watu kwa kasi kubwa, lakini kasi hiyo huwanyima uzoefu wanaoupata watu wanaojipanga polepole: kugawana kazi, kubishana na kupatana, kumjua wa kutegemewa. Anatoa mfano wa maandamano ya Washington ya Agosti 28, 1963, yaliyokusanya watu wapatao 250,000. Timu ya Bayard Rustin iliyaandaa kwa miezi kadhaa ikipanga mabasi, chakula, maji na vipaza sauti bila intaneti yoyote. Umati ulikuwa matokeo. Nguvu yenyewe ilikuwa katika watu waliokuwa wamejifunza kufanya kazi pamoja.

Sisi hatuandai maandamano. Tunachimba visima na kusomesha watoto. Lakini hoja ni ileile. Kundi la watu mia tano linaloweza kuchanga haraka kwa msiba mmoja si lazima liwe chama kinachoweza kusimamia ujenzi wa darasa kwa miaka mitatu, kumfuatilia fundi, kuomba kibali halmashauri na kusoma hesabu mbele ya wananchi.

Vyama vilivyopona

Ukiangalia vyama vya watu wa nyumbani ambavyo vimedumu kupitia barua, simu ya upepo, SMS, Facebook na WhatsApp, vyote vina tabia moja. Havikuuacha mtandao uwe chama. Mtandao kwao ulikuwa kama turubai la harambee, ambalo hukodiwa na kutandazwa, likichanika likatafutwa jingine. Wanachama, fedha na maamuzi viliandikwa mahali pengine, mahali panapomilikiwa na chama chenyewe.

Hata lugha yao ni tofauti. Hawasemi «tumekubaliana kwenye kundi». Husema «kikao kimeamua, na taarifa imewekwa kwenye kundi».

Tunaloomba mwaka huu

Kwa hiyo, ndugu zetu, pamoja na michango ya kawaida ya maendeleo, mwaka huu tunaomba mambo manne ambayo hayana gharama kubwa.

La kwanza, kila mmoja ajiandikishe upya kwenye daftari la wanachama: jina kamili, mtaa wake hapa Nyamisangura, mahali anapoishi sasa, namba mbili za simu, na jina la ndugu mmoja anayeweza kumpata namba zote mbili zikizima. Mwenye mzazi au mkwe asiye na simu janja amwandikishe yeye pia. Nakala za daftari zitunzwe na watu watatu walio katika sehemu tatu tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka kuzitunza kwa uangalifu. Kwa hiyo namba za watu hazitawekwa kwenye kundi wala kupewa mfanyabiashara au mgombea yeyote.

La pili, kila mchango uwe na stakabadhi yenye namba, hata ukitumwa kwa simu. Orodha ya kwenye kundi ibaki ya kutiana moyo tu, na hesabu ya kweli ni ya mwekahazina. Kila robo mwaka orodha ichapishwe, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo hata asiye na bando ataisoma, na isomwe kwa sauti kikaoni.

La tatu, kila mkoa wenye watu wetu uwe na mtu mmoja wa kupokea na kupeleka habari kwa sauti. Yeye apigiwe, naye awapigie watano, na kila mmoja awapigie wengine watano. Ni utaratibu wa zamani wa kugonga milango baada ya tangazo la redio, ila sasa tunagonga kwa simu. Habari nzito, hasa ya kifo, isichukuliwe kuwa imefika mpaka mtu amesikia sauti ya mtu.

La nne, vikao viwili vya uso kwa uso kila mwaka, kimoja hapa nyumbani mwezi Desemba watu wanaporudi likizo, na kingine mahali penye watu wetu wengi. Wanaoshindwa kufika wafunguliwe simu wasikilize na waseme. Lakini uamuzi uandikwe kwenye kitabu cha mihtasari, usainiwe, na kila mtu ajue ulipo.

Vijana wetu wasiyachukue haya kama lawama kwao. Wao ndio waliofungua makundi, wao ndio waliotufundisha kutuma fedha, na wao ndio watakaotuhamisha tena siku mtandao wa sasa utakapochoka. Tunachowaomba ni wawe makatibu wasaidizi wa daftari, wapakue kumbukumbu za makundi ya sasa zikiwa bado zipo, wazipange kwa mwaka na kuzikabidhi kwa chama. Picha za ujenzi, majina ya waliotoa na tarehe za vikao ni historia ya kata yetu, na kwa sasa sehemu kubwa yake imelala kwenye simu ambazo zinaweza kuanguka majini kesho.

Haba na haba hujaza kibaba, ila lazima mtu ajue kibaba kiko wapi na kinahesabiwa na nani. Fomu ya kujiandikisha itoke pamoja na mchango wako. Ukiisha kuijaza, mpe na jirani yako anayetoka kwetu, hasa yule ambaye hujamsikia kwa muda mrefu.

Karibuni nyumbani Desemba. Jina lako litasomwa kikaoni. Lisiposomwa, nyanyua mkono.